Laela: Picha Zilizochelewa Njiani

Msafiri anayeshuka Tunduma na kupanda basi la Sumbawanga ana kilomita zaidi ya 220 mbele yake. Mwanzoni haoni cha ajabu. Lakini akishapita Ikana nchi hufunguka: vilima vya mviringo visivyo na miti mingi, mashamba ya mahindi, ulezi na maharage yanayopanda na kushuka pamoja na vilima hivyo, na upepo wa baridi unaomfanya mgeni wa pwani atafute khanga ya pili. Hizo ndizo nyanda za juu za Ufipa. Laela ipo kando ya barabara hiyo hiyo, zikibaki kilomita kama 95 kufika Sumbawanga mjini.

Waliopita hapa zamani watakumbuka vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na malori yaliyolala njiani. Barabara iliwekwa lami katika miaka ya 2010 kwa msaada wa Marekani, na tangu hapo Laela imekua upesi. Siku hizi ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga. Kuna ofisi, maduka ya pembejeo, nyumba za wageni, na juu ya mapaa ya bati, kila ugeukapo, nyungo. Si nyungo za kupepetea ulezi, hizo bado ziko jikoni. Ni zile za chuma, zote zimeelekeza uso upande mmoja wa mbingu.

Sisi hatukuja Laela kwa ajili ya nyungo hizo. Tulialikwa kwenye kikao cha akina mama wa kanisa, siku mbili, na somo tulilopewa lilikuwa malezi ya watoto. Tuliandaa mengi ya kusema juu ya lishe, ada na adabu. Lakini kipindi cha maswali kilipofunguliwa, mama wa kwanza kusimama aliuliza kuhusu televisheni. Wa pili naye vivyo hivyo. Wa tatu alisema yeye hana swali, ana ushuhuda, na ushuhuda wake ulikuwa juu ya televisheni. Tukafunga daftari letu tukasikiliza.

Mama huyo wa tatu ndiye aliyekuwa mwenyeji wetu. Ni mjane mwenye watoto wanne na shamba la ekari kadhaa. Alisema kwamba aliuza magunia ya mahindi akanunua seti, ungo na king'amuzi, na shemeji yake hakusema naye kwa muda wa mwezi mzima. "Aliniuliza kama nimerukwa na akili," alisema. "Bati la jiko linavuja, wewe unanunua sinema. Nikamwambia, shemeji, jiko likivuja ninahamisha sufuria. Mtoto akivuja nitamhamishia wapi?"

Akina mama walicheka, lakini hawakucheka sana. Kila mmoja alielewa maana yake, na sisi tulielewa baadaye tulipopelekwa kuona kile alichokuwa akikikimbia. Kabla ya kufika huko, msomaji, turudi nyuma kidogo, maana swali la kwa nini televisheni ilichelewa kufika Laela, na ilipofika ikafika kwa namna gani, lina historia yake.

Kisiwa kilichotangulia

Watu wengi hudhani kwamba televisheni ya Tanzania ilizaliwa Dar es Salaam. La hasha. Ilizaliwa Unguja mwaka 1973, Mzee Aboud Jumbe akiwa Rais wa Zanzibar, na ilikuwa ya rangi tangu mwanzo. Jirani zetu walikuwa wameanza mapema zaidi: Wazambia mwaka 1961 pale Kitwe, nchi yao ikiitwa bado Rhodesia ya Kaskazini, Wakenya mwaka 1962 na Waganda mwaka 1963. Hao wote walianza na picha nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa na televisheni ya kawaida mpaka mwaka 1976. Kumbe visiwa vyetu vidogo, kwa fedha za karafuu ambayo wakati ule ilikuwa na bei nzuri, vilikuwa vimekwisha kutangulia.

Televisheni Zanzibar, au TVZ kama ilivyozoeleka, iliendeshwa na serikali kutoka mjini Unguja. Ilirusha matangazo saa za jioni: habari kwa Kiswahili, vipindi vya elimu, michezo ya kuigiza, taarabu. Kwa kuwa si kila mtu aliweza kununua seti, seti ziliwekwa mahali pa kukutania watu, na kijiji kizima kilikaa mbele ya kioo kimoja. Huyo aliyekuwa akiimba ndani ya kioo aliweza kuwa jirani yako, na ukimkuta sokoni kesho yake ungeweza kumwambia kwamba alikosea kituo cha pili cha wimbo. Jambo hili tunaomba msomaji alishike, maana tutalirudia.

Unguja haina milima mirefu, kwa hiyo mnara mmoja ulitosha kufika mbali. Ulifika mbali kuliko ilivyokusudiwa, hata watu wachache wa Dar es Salaam waliokuwa na seti walisimamisha antena ndefu kama milingoti ya jahazi ili wadake picha za ng'ambo ya bahari. TVZ iliendelea kwa jina hilo hadi ilipounganishwa na redio ya Zanzibar kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, kwa sheria ya mwaka 2013.

Bara mambo yalikuwa mengine. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba televisheni ingekuwa starehe ya wachache wa mijini, wakati vijijini hakuna zahanati wala maji. Tumesikia watu wakimlaumu kwa hilo, na tumesikia wengine wakimsifu. Sisi tunaona kwamba kuhusu Laela alisema kweli: kama televisheni ingeanzishwa Dar es Salaam mwaka 1973, mwanamke wa Ufipa asingeiona, lakini kodi ya mahindi yake ingeilipia.

Mlango ulifunguliwa kwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, iliyoruhusu watu binafsi kuwa na redio na televisheni. Mwaka 1994 vituo vikaanza Dar es Salaam: ITV ya Bwana Reginald Mengi, DTV na CTN. Serikali yenyewe ilichelewa zaidi. Mwalimu alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, Tanzania Bara ilikuwa bado haina televisheni ya taifa. Televisheni ya Taifa, TVT, ilianza mwaka 2000, na baadaye ikaunganishwa na Radio Tanzania katika shirika moja ambalo leo tunalijua kama TBC. Mwenyeji wetu aliukumbuka msiba ule wa Mwalimu vizuri. Alisema walikusanyika kwa jirani mwenye redio kubwa, wakakaa uani siku nzima, wakilia kwa sauti waliyoisikia tu. "Jeneza hatukuliona," alisema. "Lakini nilipokuja kuliona miaka mingi baadaye katika televisheni, niliona dogo kuliko lile nililoliona kwa masikio."

Redio ya betri mbili

Haifai kuandika habari za televisheni Ufipa bila kuitaja redio, maana redio ndiyo iliyolea watu hapa. Mawimbi ya redio ya masafa ya kati na mafupi husafiri mbali sana, hasa usiku, kwa sababu hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini tena. Hivyo Radio Tanzania Dar es Salaam iliweza kusikika Laela, mamia ya kilomita kutoka studio, ingawa kwa mikwaruzo na kwa kupotea potea. Mawimbi ya televisheni hayana uwezo huo. Husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga wa tochi, na kilima kikisimama mbele yake, basi. Ili picha itoke Dar es Salaam mpaka Ufipa kwa minara peke yake, ilibidi minara ipokezane juu ya milima mkoa hadi mkoa, na kila mnara unahitaji umeme, mlinzi na fundi. Laela ilikuwa mwisho wa msafara huo. Hata umeme wa gridi ulikuwa mbali. Umeme wa Sumbawanga wenyewe umenunuliwa Zambia kwa miaka mingi.

Basi akina mama wa kikao chetu walikuzwa na redio. Tulipotaja kipindi cha "Mama na Mwana" cha Bibi Debora Mwenda, bibi mmoja aliyekuwa akisinzia nyuma aliamka kabisa. Walikumbuka pia "Twende na Wakati", mchezo ulioanza kutangazwa mwaka 1993, na yule dereva wa lori aitwaye Mkwaju aliyekuwa na wanawake kila kituo mpaka UKIMWI ukamkamata. Wanaoishi kwenye barabara ya Tunduma hawakuhitaji kufafanuliwa Mkwaju ni nani. Watafiti walioufuatilia mchezo huo waligundua kwamba ulibadilisha mambo katika nyumba za watu. Wasikilizaji walianza kuzungumza na wenzi wao juu ya uzazi wa mpango na juu ya ugonjwa. Waliweza kulijua hilo kwa kulinganisha, kwa sababu huko Dodoma kituo cha redio kilikuwa kikitangaza vipindi vingine saa hiyo mpaka mwaka 1995. Mchezo wa redio, kwa betri mbili, ulifanya kazi ambayo mahubiri yetu mengi hayakuifanya. Tunasema hivyo kwa unyenyekevu.

Kibanda cha video

Picha zenyewe zilifika Ufipa kwa njia za pembeni. Kwanza yalikuwa makanisa: watumishi walikuja na gari, jenereta na shuka jeupe, wakaonyesha filamu ya Yesu uwanjani usiku, na watoto wadogo wakakimbia askari wa Kirumi walipotokea. Kisha ikaja biashara. Mtu mmoja mwenye jenereta, seti yenye chogo na mashine ya mikanda alijenga kibanda cha mabanzi na turubai, akaweka benchi, akaandika kwa mkaa majina ya sinema kwenye ubao wa nje.

Mwenyeji wetu alitupeleka kukiona kimoja ambacho bado kipo. Siku hizi mikanda haipo, ni diski na vile vijiti vidogo vya kuhifadhia picha, lakini mengine yote hayajabadilika. Tuliinama tukaingia. Giza, joto la miguu mingi, harufu ya moshi wa sigara ingawa ilikuwa saa kumi jioni. Watoto wa shule walikuwamo, tuliwatambua kwa kaptula zao. Katika kioo mtu alikuwa akichinjwa kwa lugha ya Kichina, na juu yake sauti ya mtafsiri wa Kiswahili ikitania. Mtoto wa kama miaka saba aliketi mstari wa mbele kabisa. Hakutuona. Tulitoka bila kusema kitu, na mwenyeji wetu akasema, "Mwanangu wa pili alikuwa akikaa pale pale alipokaa yule. Kiingilio alikipata kwa kuuza mayai ya kuku wangu. Mayai sikuyalilia."

Hapo ndipo tulipoelewa habari ya jiko linalovuja.

Si kila kilichoonyeshwa vibandani kilikuwa kibaya, tuseme haki. Filamu za Kiswahili zilifika Laela kwa njia hiyo hiyo. Kikundi cha Kaole kilichoigiza katika ITV ndicho kilichowatoa waigizaji kama marehemu Steven Kanumba, na Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akina mama hapa walimlilia kama mtoto wa ndugu. Wengi wao hawakuwahi kuiona ITV. Walimjua kutokana na diski zilizouzwa mnadani.

Ving'amuzi

Mabadiliko makubwa yalikuja na mitambo ya dijitali. Matangazo ya zamani ya analojia yalizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata. Kilichobadilika ni hiki: zamani kila kituo cha televisheni kilikuwa na mnara wake na kilirusha matangazo yake chenyewe. Sasa kituo hutengeneza vipindi tu, na kampuni nyingine iliyopewa leseni huvikusanya vituo vingi katika wimbi moja na kuvirusha. Nyumbani, king'amuzi ndicho kinachovitenganisha tena. Kwa watu wa mbali na minara, ungo ukawa mkombozi. Setilaiti imekaa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilomita kama 36,000, na kwa kuwa inazunguka pamoja na dunia, huonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja. Ndiyo maana nyungo zote za Laela zinatazama upande mmoja. Kwa setilaiti hakuna tofauti kati ya Masaki na Laela; zote ni chini.

Kampuni ya Azam ilipoanza televisheni yake ya ungo mwishoni mwa mwaka 2013, pamoja na nyingine zilizokuwapo, bei zilianza kufikiwa na mkulima mwenye mavuno mazuri. Sola ikasaidia pale ambapo nguzo za umeme zilikuwa hazijafika. Mwenyeji wetu alinunua chake kwa mchuuzi aliyepita, kikafa baada ya wiki tatu, akanunua kingine. Hatuandiki mengi juu ya mchuuzi huyo, ila akisoma haya ajue kwamba tunamwombea.

Kabla ya hapo kulikuwa na juhudi nyingine inayostahili kukumbukwa. Halmashauri kadhaa nchini ziliwahi kuwa na vituo vyao vidogo vya televisheni. Kazi kubwa ya vituo hivyo ilikuwa kudaka kwa ungo mkubwa matangazo ya kituo cha Dar es Salaam na kuyarusha upya kwa mtambo mdogo, ili watu wa mjini wenye antena za kawaida waone. Lakini katikati ya matangazo hayo palikuwa na nafasi ya mambo ya hapo hapo: tangazo la chanjo, kikao cha madiwani, sherehe ya shule. Mfumo wa dijitali uliviletea vituo hivyo shida, kwa sababu mtambo wa zamani haukufaa tena na kulipia nafasi katika wimbi la kampuni ni gharama ambayo halmashauri yenye upungufu wa madawati hawezi mtu kuitegemea. Basi teknolojia ambayo imemletea mwanamke wa Laela dunia nzima, imemwondolea mtu wa mji mdogo ile nafasi ndogo ya kujiona.

Redio kwa upande huu imefanya vizuri zaidi. Sumbawanga kuna Redio Chemchemi ya Jimbo Katoliki, inayosema na watu wa Rukwa kuhusu mambo ya Rukwa. Redio ndogo haina gharama kubwa kama televisheni. Televisheni ndogo inahitaji kamera, taa, mtu wa kuhariri picha, gari la kwenda kwenye tukio; mtangazaji wa redio anahitaji kipaza sauti na pumzi.

Mahindi ya 2017

Usiku wa pili tulikaa sebuleni kwa mwenyeji wetu kutazama taarifa ya habari. Sebule ilikuwa imejaa, maana watoto wa majirani huja. Ana sheria zake: anayeingia avue viatu, rimoti haiguswi na mtoto, na chakula kikiiva seti inazimwa mpaka baada ya sala ya jioni. Tamthilia za Kifilipino na Kituruki zilizotafsiriwa anaziruhusu, "ila wakianza kubusiana ninawatuma maji." Tulicheka. Alisema mapipa yake hayajawahi kukauka tangu anunue televisheni.

Taarifa ilipokwisha tulimwuliza ni habari gani anayoikumbuka kuliko zote. Tulidhani atataja msiba wa kiongozi au vita. Alinyamaza, kisha akasema, "Ya mahindi."

Mkoa wa Rukwa ni miongoni mwa mikoa minne, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ambayo kwa miongo mingi imeitwa ghala la taifa. Juni 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi, ili chakula kisipungue ndani na ili nafaka isagwe hapa hapa kabla ya kuuzwa. Sababu zilikuwa na maana kwa mtu wa mjini anayenunua unga. Lakini mkulima wa Laela soko lake la karibu ni la mpakani, kilomita kama 128 tu hadi Tunduma. Wanunuzi walipotea ghafla, na bei ikaanguka.

"Habari niliipata hapa hapa, nimekaa pale ulipokaa wewe, dada," alisema. "Nilikuwa na magunia yamejaa chumba cha watoto, watoto wanalala jikoni. Nilimwona kiongozi akisema, nikamwona mfanyabiashara wa Dar es Salaam akishukuru kwamba unga utashuka. Nikasubiri. Nikasema sasa watatuonyesha sisi. Nilitazama siku ile, na kesho, na keshokutwa, sikuacha hata siku moja. Katika televisheni yangu sikumwona mkulima wa huku hata mmoja. Gunia lililokuwa likitupa ada ya shule halikununua tena hata mfuko wa mbolea. Binti yangu mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima."

Hatukuwa na la kumjibu. Tuliuliza tu kama Laela haionyeshwi kabisa. Akasema huonyeshwa. Mkuu akija, huonyeshwa. Mtu akiuawa kwa tuhuma za uchawi, huonyeshwa haraka zaidi, "maana wanajua jina Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi, basi wao wanaona hatujatupa." Mkulima aliyekaa na mahindi yake si habari, kwa kuwa hakuna kinachotokea kwake. Anakaa tu.

Tumefikiri sana juu ya maneno hayo. Zamani, miaka ya tisini, waandishi wa mikoani waliotaka habari yao ionekane walilazimika kutuma mikanda Dar es Salaam kwa basi, na picha ya Rukwa ingeweza kufika baada ya siku mbili tatu ikiwa imekwisha kuchacha. Hapo tulikuwa na udhuru. Leo mwandishi hutuma picha kwa simu kabla chai haijapoa. Barabara ni lami. Kutoka Sumbawanga hadi hapa ni mwendo usiozidi saa mbili. Njia ya kuleta picha Laela imenyooka, ila ya kuzitoa bado ina tope. Na tunarudia lile la Unguja: mwaka 1973, kwa mitambo ambayo leo ingekuwa ya makumbusho, watu wa shamba walikaa mbele ya kioo kilichokuwa kimejengwa jirani nao na kuwaona watu wao. Hatusemi kituo kile hakikuwa na kasoro. Kilikuwa cha serikali na kilisema alichotaka mkubwa. Lakini umbali kati ya anayetazama na anayeonyeshwa ulikuwa mfupi, na mwanamke aliyekosa bei ya karafuu angeweza kwenda kwa miguu mpaka mlangoni kwao.

Kikao kilipokwisha, akina mama walitoa azimio moja ambalo halikuwa katika ratiba. Kila jumuiya ichague mwanamke mmoja mwenye simu nzuri, ajifunze kupiga picha za kazi za hapa: namna ya kulima matuta ya Kifipa yale ya mviringo yanayofukiwa nyasi ndani ili ziwe mbolea, hali ya ghala, hali ya zahanati. Wazitume Chemchemi, wazitume kwa kila kituo cha Dar es Salaam chenye anwani. Bibi yule wa nyuma aliuliza kama watarudishiwa jibu. Katibu akasema tutaona.

Asubuhi ya kuondoka tulimsubiri dereva uani. Binti mdogo wa mwenyeji wetu, wa kama miaka tisa, alikuwa ameketisha nyanya yake juu ya kinu kilicholazwa, ameshika gunzi la mahindi kama kipaza sauti. Mwenzake alisimama mbele yao na boksi la sabuni lenye tundu, ndiyo kamera. Nyanya alikuwa akieleza jinsi babu yake alivyosimulia habari za malungu, zile tanuri za udongo ndefu kuliko mtu ambamo Wafipa waliyeyusha chuma cha majembe kabla majembe ya dukani hayajafika. Alikuwa akieleza kwa Kifipa na mtoto akitafsiri kwa Kiswahili kwa sauti ya mtangazaji wa saa mbili usiku, hata kule kumeza mate.

Aliponyamaza, binti akageuka na gunzi lake mpaka kwetu. "Na ninyi wageni," akasema, "mwaka huu mmevuna magunia mangapi?"

Tulitazamana. Basi lilikuwa limeanza kupiga honi barabarani.